Na Magoti ya Mfanyakazi, Je?

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Bagamoyo kwa njia ya Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga hufika katika mji unaosifiwa zaidi kwa mambo yaliyopita kuliko kwa yaliyopo. Huonyeshwa Boma la Wajerumani, magofu ya Kaole, na mnara wa kanisa la misheni ambamo maiti ya Livingstone ililazwa mwezi wa Februari mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Hatuwalaumu wenye kuyaonyesha hayo. Lakini iko kazi nyingine katika mji ule ambayo wageni hawaletwi kuitazama, na ambayo kwa maoni yetu inaupa Bagamoyo heshima kuliko magofu yote. Hiyo ni kazi ya kupima dawa na chanjo, inayofanywa na tawi la Taasisi ya Afya Ifakara.

Mwaka 2008 dunia ilisoma matokeo ya chanjo ya malaria iliyojaribiwa kwa watoto wachanga 340 wa Bagamoyo. Baada ya hapo ukaja utafiti mkubwa wa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na viwili kati ya vituo hivyo vilikuwa vyetu, Bagamoyo na Korogwe. Mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Miaka miwili baadaye likapendekeza chanjo ya pili, ile iitwayo R21, ambayo nayo ilipimwa Bagamoyo pamoja na vituo vya Burkina Faso, Mali na Kenya. Na kati ya hayo, mwaka 2014, yalitangazwa matokeo ya vijana wa Kitanzania waliojitolea kudungwa vijidudu vya malaria hapo Bagamoyo kwa hiari yao, chini ya macho ya madaktari, ili ijulikane mwili wa Mwafrika aliyekua katika nchi ya mbu unavyopigana na ugonjwa huo.

Twayataja haya ili tusije tukaambiwa tena kwamba kazi ya kupima dawa ni ya wazungu, nasi kazi yetu ni kungoja majibu. Wako watu pwani hii wanaojua kumweleza mama kwa Kiswahili safi jambo analotakiwa kulikubali au kulikataa. Wanaojua kupokea alama ya dole gumba mbele ya shahidi. Wanaojua kumfuata mgonjwa nyumbani kwake, akihama Zinga akaenda Kiromo wakamkuta Kiromo. Ustadi huo haununuliwi dukani. Umejengwa kwa miaka mingi, na upo.

Basi leo hatuandiki juu ya malaria. Twaandika juu ya magoti.

Siku moja ya maji ya bamvua tulikuwa Mlingotini, ambako akina mama hulima mwani katika ghuba. Mwenyeji wetu alikuwa mama mtu mzima aliyesimama kando ya mkeka huku wenziwe wamekaa wakifunga mbegu kwenye kamba. Tulimwamkia, naye akaitikia: "Marahaba, wanangu. Msinione nimesimama mkadhani nina kiburi. Nikikaa ndio mwisho, kunyanyuka mpaka nivutwe." Alitueleza kwamba daktari mmoja alimwambia ute wa goti umekwisha, na tangu hapo amechomwa sindano tatu za goti. "Ya kwanza nilicheza ngoma," akasema. "Ya pili nilitembea. Ya tatu nimeiona bei tu." Kisha akatuuliza swali ambalo limetukaa kichwani hata leo: "Nyinyi watu wa gazeti mnasoma mengi. Hiyo sindano inanitibu, au inanibembeleza?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Ugonjwa wenyewe wananchi huuita kwa majina mengi. Wengine husema goti limesagika, wengine husema ute umekwisha, wengine huutia katika fungu moja na baridi yabisi zote. Kwa ufupi ni hivi. Mwisho wa mfupa wa paja na mwisho wa mfupa wa muundi umevikwa gegedu, kitu cheupe chenye utelezi kinachofanya mifupa ipishane bila kukwaruzana. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likichubuka halijiponyi kama ngozi inavyojiponya. Zamani ilidhaniwa kwamba hulika tu, kama soli ya kiatu. Siku hizi inajulikana kwamba ugonjwa ni wa goti zima: mfupa ulio chini ya gegedu hubadilika, utando wa ndani huvimba, na misuli ya paja hudhoofu, na misuli ikidhoofu goti huzidi kuelemewa.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa huu wa viungo, na kwamba milioni 365 kati yao waliumwa magoti. Karibu 6 katika kila 10 ni wanawake. Hapa kwetu, watafiti wa KCMC mjini Moshi wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow waliingia vijijini katika wilaya ya Hai kuuliza maradhi ya viungo yanawagharimu nini wananchi katika kazi zao, fedha zao na maisha yao. Huo ni mwanzo mwema. Lakini kuwahesabu wagonjwa ni kazi moja, na kuipima tiba ni kazi nyingine.

Na hakuna mahali panapofaa zaidi kuuliza habari za magoti kuliko Bagamoyo. Mji huu ulijengwa juu ya magoti ya watu. Kabla ya reli, pembe nyingi za ndovu za Unyamwezi na Ujiji zilifika hapa juu ya mabega ya wapagazi, kila mmoja na mzigo wa ratili 60 au 70, mwendo wa miezi. Vitabu vimeandika majina ya mabwana waliowaongoza. Magoti yao hakuna aliyeyaandika. Leo wajukuu wa watu wale wanakokota chumvi katika majaruba ya pwani, wanasukuma ngalawa matopeni, wanapanda minazi, wanalima mpunga bonde la Ruvu na wanakata miwa Makurunge. Kwenda kaskazini, Saadani hata Pangani, ni mtindo ule ule, na mkonge juu yake.

Mtu wa kazi namna hiyo akiumwa goti hana budi atafute dawa, na wauzaji hawakosekani. Katika kila kituo cha mabasi utasikia kipaza sauti kikitangaza chupa iondoayo maumivu ya magoti, mgongo, kiuno na nguvu za kiume, zote kwa bei moja. Hatusemi kila chupa ni uongo. Twasema hatujui, na muuzaji naye hajui, ila yeye analipwa kwa kutokujua kwake. Tusidhani ujinga huu ni wa Afrika peke yake. Mwaka 2022 serikali ya Marekani iliwaonya raia wake juu ya vidonge vya magoti viitwavyo Artri King, vilivyouzwa kama dawa za mitishamba. Vilipopimwa vilikutwa vina diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye kibandiko. Mnunuzi alipata nafuu akaisifu mitishamba, kumbe ndani yake mna dawa za viwandani zinazoweza kumtoboa tumbo na kumharibia ini. Nasi hatujasahau mwaka 2011, magari yalipopanga foleni ya kilometa nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Watu walikwenda kwa imani, wengine wakaacha dawa zao za hospitali. Waliorudi wakasema wamepona walisikika. Waliokufa njiani na majumbani hawakuwa na la kusema.

Basi ukweli hupatikanaje? Sisi tunapenda kueleza kisa kimoja cha Houston, Marekani, kwa sababu kinafundisha kuliko hotuba kumi.

Huko Marekani ilikuwa desturi mgonjwa wa goti kupasuliwa kidogo, akaingizwa chombo chembamba chenye taa, daktari akalisuuza goti kwa maji na kuparura gegedu lililochakaa. Kila mwaka watu zaidi ya 650,000 walifanyiwa hivyo, kwa gharama ya kiasi cha dola 5,000 kila mmoja, na wengi walisema wamepata nafuu. Daktari mmoja, Bruce Moseley, pamoja na wenzake katika hospitali ya wanajeshi wa zamani, wakauliza: nafuu hiyo yatoka wapi? Wakachukua wagonjwa 180, wakawagawa kwa kura makundi matatu. Kundi la kwanza waliparurwa gegedu. La pili walisuuzwa tu. La tatu hawakufanyiwa kitu ila kukatwa ngozi mahali patatu na kushonwa.

Angalia walivyojihadhari. Daktari hakujua mgonjwa yumo kundi gani mpaka alipofungua bahasha ndani ya chumba cha upasuaji. Aliye wa kundi la tatu naye alilazwa mezani, daktari akaitisha vyombo vyote, akalikunja goti na kulikunjua, na maji yakamwagwa ili sauti isikike kama kawaida. Muda wa upasuaji ulikuwa ule ule, na usiku ule mgonjwa alilala hospitali kama wenziwe. Wala hapakuwa na hila, maana kila mmoja aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba anafahamu huenda akapata upasuaji wa mfano tu. Watu 144 walioelezwa jambo hilo walikataa, nao walikuwa na haki ya kukataa. Wagonjwa walifuatwa kwa miaka miwili. Mwaka 2002 matokeo yakatangazwa: hakuna wakati wowote ambapo waliopasuliwa kweli waliumwa kidogo au walitembea vizuri kuliko wale waliokatwa ngozi tu.

Hebu fikiri, ndugu msomaji, ni fedha ngapi zilikwisha kulipwa. Na wagonjwa hawakuwa waongo waliposema wamepata nafuu, kwa maana hata wale wa kundi la tatu walipata nafuu. Ugonjwa huu wa goti huja na kuondoka kama maji ya bahari. Mtu humwendea daktari siku ya maumivu makali, na siku zifuatazo maumivu hupungua yenyewe, daktari akapewa shukrani. Tena mwanadamu akihudumiwa kwa heshima maumivu yake hupoa. Ndiyo sababu ushuhuda wa mtu mmoja hautoshi, hata akiwa mkweli, hata akiwa padre. Lazima makundi mawili yawekwe kando kwa kando, na kura ndiyo iamue nani aingie wapi.

Sasa twarudi kwa mama yetu wa Mlingotini. Mwaka 2017 madaktari wa Boston walitangaza utafiti wa wagonjwa 140. Nusu walichomwa gotini dawa ya jamii ya kotisoni kila baada ya majuma 12 kwa miaka miwili. Nusu walichomwa maji ya chumvi. Mwisho wa miaka miwili maumivu ya makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa. Tofauti ilikuwa katika gegedu: la waliopewa dawa lilikuwa limepungua zaidi. Upungufu wenyewe ulikuwa mdogo sana, na madaktari wengi bado huitumia sindano hiyo kutuliza maumivu makali kwa majuma machache, wala hatumwambii mtu amkaidi daktari wake. Lakini kama sindano aliyochomwa mama ni ya namna hiyo, jibu ni kwamba inabembeleza. Na ukimbembeleza mtoto mara nyingi mno, mwisho wake analia zaidi. Utafiti mwingine wa mwaka 2020, wa wagonjwa 156 katika hospitali za jeshi la Marekani, uliipambanisha sindano hiyo na mazoezi ya viungo chini ya mtaalamu. Baada ya mwaka mmoja, waliofanya mazoezi walikuwa na maumivu kidogo na walitembea vizuri zaidi.

Tungeweza kuishia hapo, tukasifu mazoezi na kulala. Lakini haki ni kusema yote. Mwaka 2022 watafiti wa Copenhagen walichukua wagonjwa 206. Nusu wakafundishwa na kufanyishwa mazoezi majuma 8, nusu wakachomwa sindano 4 za maji ya chumvi, tena wakaambiwa waziwazi kwamba ni maji ya chumvi. Matokeo yalikuwa sawa. Tuliposoma habari hiyo tulicheka peke yetu ofisini, kisha tukanyamaza. Haina maana kwamba mazoezi ni bure, kwa kuwa tafiti nyingi zaidi zimeonyesha kwamba huyafaa magoti, ingawa faida yake si kubwa kama tulivyozoea kuhubiriwa. Maana yake ni kwamba sayansi ya kweli humsuta hata mtu aliyeipenda hoja yake. Kupunguza uzito nako kumepimwa: katika utafiti wa North Carolina uliotangazwa mwaka 2013, watu wanene 454 walifuatwa kwa miezi 18, na waliounganisha chakula cha kiasi na mazoezi ndio waliopata nafuu kubwa. Mwaka 2024 ikatangazwa sindano ya kila juma iitwayo semaglutaidi, ambayo kwa watu wanene 407 ilipunguza uzito na maumivu ya magoti pamoja.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Sehemu kubwa ya utafiti huo imefanywa Houston, Boston, Copenhagen na North Carolina. Magoti yaliyopimwa ni ya watu wakaao vitini, walalao vitandani virefu, waendao kazini kwa gari, na wengi wao uzito umewazidi. Mama wa Mlingotini si mnene. Ukimwambia apunguze uzito atakuuliza apunguze upi. Hata karatasi za maswali zinazotumiwa kupima maumivu duniani kote humuuliza mgonjwa kama anapata shida kupanda ngazi, kuvaa soksi, kuingia katika gari na kutoka katika hodhi la kuogea. Ukimpelekea maswali hayo mvuvi wa Saadani atajibu kwamba hana shida kabisa na hodhi. Hakuna amwulizaye kama anaweza kusujudu, au kupiga magoti kanisani, au kuchuchumaa chooni, au kuinuka mkekani, au kuruka ndani ya ngalawa wimbi likija. (Sisi tuliosomeshwa na mapadre twajua maana ya goti kukaa juu ya sakafu ya saruji tangu Kyrie hata baraka ya mwisho.) Goti la chuma na plastiki, ambalo madaktari bingwa wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili wanaweza kumwekea mgonjwa aliyefikia hatua ya mwisho, ni neema kubwa. Lakini wengi waliowekewa huliona gumu kupigia magoti, na mtu wa kazi za mkekani na matopeni anahitaji kujua hilo kabla, si baada.

Wako watakaosema: ninyi mnataka anasa. Watoto wanakufa kwa malaria, akina mama wanakufa kwa uzazi, nanyi mnaleta habari za magoti. Tunalijibu neno hilo kwa upole, maana lina haki ndani yake. Goti haliui. Ndiyo sababu wafadhili wa ng'ambo hawalijali, nao ndio walioamua kwa miaka mingi ni ugonjwa gani upimwe katika nchi zetu. Lakini mfanyakazi aliyeshindwa kuinuka amekwisha kufa katika daftari la mwajiri. Mama aliyeshindwa kwenda na maji ya bamvua hukosa mavuno, mtoto hukosa ada. Nchi inayojivunia wakulima na wafanyakazi haiwezi kusema kwamba kiungo wanachofanyia kazi si jambo la kupimwa.

Tena lipo jambo la fidia, na hili wanachama wa vyama vya wafanyakazi walisome mara mbili. Mwaka 2009 Ujerumani iliuingiza ugonjwa wa kusagika magoti katika orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi. Masharti yake ni ya hesabu: mfanyakazi awe amefanya kazi ya kupiga magoti au kuchuchumaa, au kazi inayolielemea goti namna hiyo, jumla ya saa 13,000 katika maisha yake, na si chini ya saa moja kwa zamu. Mwaka huo huo Uingereza iliukubali ugonjwa huo kwa wachimba makaa ya mawe wa chini ya ardhi, na mwaka 2012 ikawaongeza mafundi wa kutandika mazulia. Waingereza wana kipimo chao: baraza la washauri huuliza kama kazi fulani imezidisha hatari ya ugonjwa kupita mara mbili. Pakiwa na utafiti unaoonyesha hivyo, mlango unaweza kufunguliwa. Pasipo utafiti, mlango hukaa umefungwa hata kama watu wote wa kijiji wanachechemea. Orodha ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2010 yataja vidonda vya ndani ya goti kwa watu waliopiga magoti au kuchuchumaa muda mrefu kazini, lakini kusagika kwa goti hakukutajwa kwa jina.

Sisi tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Ni chombo chema. Lakini mfanyakazi wa chumvi akienda kudai kwamba goti lake limeharibiwa na majaruba, ataulizwa ushahidi, naye hana ila goti lenyewe. Hakuna aliyehesabu saa zake. Hakuna aliyelinganisha magoti ya watu wa chumvi na magoti ya makarani wa Bagamoyo waliolingana nao umri. Na mlima mwani hata mlango wa kugonga hana, kwa kuwa hana mwajiri.

Tunajua pia hofu iliyoko. Neno "majaribio" linawatisha watu, na historia ya Afrika imewapa sababu, maana wakoloni waliwahi kuwadunga watu wetu dawa bila kuwauliza. Ndiyo maana leo hakuna utafiti wa tiba unaofanywa kwa halali nchini bila kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na ukiwa wa dawa mpya, bila kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Anayeombwa kushiriki anaweza kukataa, na akikubali leo anaweza kujitoa kesho bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Mwananchi asiyeonyeshwa karatasi hiyo, kwa Kiswahili, asikubali hata kupimwa joto. Lakini mwananchi ajue vile vile kwamba chupa ya kituo cha mabasi nayo ni jaribio. Ila ni jaribio analolipia yeye mwenyewe, lisilo na daftari, lisilo na daktari wa kumfuata nyumbani.

Tungependa kuona nini basi? Hatutaki jambo kubwa. Hatuombi sindano ya semaglutaidi. Twaomba mtaalamu wa mazoezi ya viungo, madaktari wa hospitali ya wilaya na wale mabingwa wa majaribio wa Bagamoyo waketi na watu wa Mlingotini, Kaole, Mapinga na Saadani, wakubaliane maswali ya kuuliza, yawe ya mkeka na ngalawa. Kisha vijiji vigawanywe kwa kura. Katika nusu ya vijiji, wafunga mbegu za mwani wapewe meza na viti vifupi badala ya mkeka, na wahudumu wa afya wa kijiji wawafundishe mazoezi ya kuimarisha paja, nusu saa, mara mbili kwa juma. Nusu nyingine waendelee na matibabu wanayopata sasa, na mwaka ukipita, kama viti vimefaa, nao wapewe. Wapimwe wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, maana kazi za misimu hiyo si moja. Fedha za viti na wahudumu kwa mwaka mmoja haziwezi kuishinda Tume ya Sayansi na Teknolojia, wala vyama vya wafanyakazi vikichanga, wala wenye kampuni zinazonunua mwani na chumvi, ambao ndio wanaofaidi magoti hayo. Tawi la Chama kila kijiji linaweza kufanya kazi ambayo daktari hawezi: kuitisha mkutano, kulieleza jambo, na kuhakikisha hakuna aliyeandikwa kwa kulazimishwa na mwenyekiti.

Tulirudi Mlingotini juma lililopita, tukamweleza mama yule habari za Boston na Houston. Ya Houston ilimchekesha, hasa yale maji ya kumwagwa ili mgonjwa asikie. Tukamuuliza: ikiwa utaletwa utafiti wa namna hii, na kura ikamwangukia kukaa mwaka mzima mkekani huku jirani yake wa kijiji cha pili amepewa kiti, je, angekubali? Alifikiri kidogo, mkono juu ya goti.

"Nitakubali," akasema, "kama mtarudi na hicho kiti mwaka ukiisha. Na wanangu, wakija kunipima, wasije siku za bamvua. Nitakuwa majini."